Kalibu ndiyo inayoamua: namna Eduard wanavyopanga matoleo yao ya 1/48

Fungua boksi lolote la modeli ya plastiki ya kujengwa ya ndege ya kivita Spitfire Mk.IX, ya kampuni ya Eduard, katika skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), upange fremu za plastiki zilizobeba vipande mezani kabla hujashika kisu. Mwanzoni mwa kijitabu cha maelekezo kuna mchoro wa fremu zote, na baadhi ya vipande vimetiwa rangi ya buluu. Hivyo havitumiki katika toleo hilo. Wengi huvitupia kwenye kopo la masalia bila kuvitazama mara mbili, na hapo hupoteza taarifa nzuri kuliko tangazo lolote. Utakuta magurudumu ya aina kadhaa, usukani wa mkia wenye kichwa cha mviringo na mwingine uliochongoka, bomba fupi la kuvutia hewa chini ya pua na jingine refu, vifuniko vya injini vya aina mbili. Anayeijua Spitfire anaona hapohapo Mk.IX ya mwanzo na ya mwisho, Mk.VIII na Mk.XVI (Mk., yaani Mark, ni namba ya toleo). Spitfire hiyo ilipotoka mwaka 2013, dalili za ndugu zake zilikuwa tayari zimo kwenye plastiki, zikingoja maboksi yao.

Kiini cha yote ni gharama ya kalibu, yaani umbo la chuma linalojazwa plastiki ili kutoa vipande. Plastiki yenyewe, polistirini, ni rahisi. Kinachokula fedha ni usanifu na kuchonga chuma: mashine za kompyuta huchonga umbo kubwa, kisha cheche za umeme humalizia mistari ya mabamba na ribiti (vichwa vya pini zinazoshika mabamba) ambazo kisu cha mashine hakifikii. Fedha hizo zote hutoka kabla boksi la kwanza halijauzwa. Kwa hiyo kampuni haiulizi tu, "Watu wanaitaka ndege gani?" Inauliza pia ndege hiyo ina matoleo mangapi yanayoweza kushirikiana fremu. Ndege nzuri yenye toleo moja tu ni mzigo. Spitfire ya Waingereza, na Bf 109 na Fw 190 za Wajerumani, ni akiba ya miaka mingi.

Eduard ni kampuni ya Ucheki, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Vladimír Šulc katika mji wa Most, na kiwanda chake cha plastiki kiko Obrnice, jirani tu na hapo. Ilianza na vipande vya chuma chembamba vilivyochongwa kwa asidi, vya kuongeza kwenye modeli za kampuni nyingine, na asili hiyo bado inaonekana. Ucheki wenyewe unaonekana pia. Ndege ya Kichekoslovakia ya Avia B-534 haina soko kubwa nje ya Ulaya ya Kati, lakini Eduard wameitengeneza katika 1/48 na 1/72. Na Spitfire Mk.IX haikuwa chaguo la Kiingereza pekee: skwadroni za Kichekoslovakia katika RAF, jeshi la anga la Uingereza, namba 310, 312 na 313, zilirudi kwao Agosti 1945 zikirusha ndege hizo. Wanunuzi wa nyumbani walikuwa wa hakika.

Kuna njia kuu mbili za kuigawa familia ya ndege kwenye kalibu. Ya kwanza ni kutengeneza kiwiliwili kimoja chenye mapengo, kisha kuyajaza kwa vipande tofauti kwa kila toleo. Mfano unaojulikana ni modeli za 1/48 za P-40, ndege ya Kimarekani, kutoka Hasegawa ya Japani: mkia ni kipande cha peke yake, na baadhi ya mabamba ya pua nayo hivyo hivyo, ili E, K, M na N zote zitoke kwenye kalibu zilezile. Mtengenezaji anaokoa chuma. Mwundaji anabaki na kiungo kinachopita mahali ambapo ndege halisi haina mstari wowote. Ukiunganisha nusu mbili za kiwiliwili kwanza ndipo uchomeke mkia, utapata ngazi (kipande kimoja juu kuliko kingine) pande zote mbili, na msasa utakaoiondoa utafuta ribiti za jirani. Gundisha kila kipande cha mkia kwenye nusu yake kabla ya kufunga kiwiliwili. Bana uso wa nje kwenye kitu kilichonyooka kabisa, pitisha gundi nyembamba kutokea ndani, uache usiku kucha. Ukibaki na ngazi, iwe ya ndani, usiyoiona.

Eduard kwa kawaida wamechagua njia ya pili: kiwiliwili kizima kwa kila toleo, fremu mpya kabisa, huku mabawa na vipande vidogo vikishirikiwa pale inapowezekana. Ni ghali zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kuu modeli zao huungana vizuri. Itazame Bf 109G-10 yao. Ndege hii ilitengenezwa na viwanda vitatu: Messerschmitt Regensburg, Erla ya Leipzig, na WNF ya Wiener Neustadt, Austria, pamoja na tawi lake la Diana, lililofanya kazi ndani ya mahandaki ya reli huko Tišnov, Moravia. G-10 ya Erla ina pua pana iliyonyooka chini, bila vivimbe viwili vidogo vilivyoko kwenye G-10 nyingine nyuma ya propela. Kampuni nyingi zingetengeneza pua moja na kumwachia mwundaji msasa na puti. Eduard waliuza G-10 tatu tofauti. Kabla ya kununua, angalia jina la kiwanda lililoandikwa kwenye boksi, kisha ulinganishe na picha ya ndege unayoitaka. Dekali (alama za kubandika) za ndege ya Erla kwenye plastiki ya Regensburg ni kosa lisilorekebishika kwa rangi.

Familia hiyo ya Bf 109 haikufika hapo kirahisi, na hapa inafaa kukaa kidogo. G-6 ya kwanza ilitoka mwaka 2014, namba 8268 kwenye boksi la ProfiPACK (aina za maboksi nazieleza hapo chini). Michongo yake ilikuwa mizuri mno. Wenye rula wakaipima, wakakuta ni kubwa kuliko 1/48. Hesabu yenyewe ni nyepesi: upana wa mabawa ya Bf 109G ni mita 9.92, gawanya kwa 48 upate milimita 206.7. Modeli ikiteleza hadi 1/47 tu, upana unafika milimita 211. Milimita nne kwenye rafu zinaonekana mara tu unapoisimamisha karibu na Bf 109 ya kampuni nyingine, na zaidi ya hapo, vipande vya nyongeza vya rezini na vioo vilivyotengenezwa kwa vipimo sahihi havikai.

Watu waliuliza kwa nini kalibu isirekebishwe. Jibu limo ndani ya chuma. Kalibu ni shimo, na plastiki hulijaza. Ukitaka kipande kiwe kikubwa zaidi, unachonga chuma kidogo zaidi, shimo linapanuka, na kazi imekwisha. Ukitaka kipande kiwe kidogo, inabidi urudishe chuma mahali ulipokwisha kukiondoa. Kivimbe kimoja au kishimo kimoja kinaweza kujazwa kwa kulehemu, kisha kikachongwa upya. Uso mzima wa bawa na kiwiliwili, wenye mamia ya ribiti, haujazwi hivyo. Kalibu iliyochongwa kubwa kupita kiasi haina dawa.

Kwa hiyo kampuni ilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuendelea kuuza plastiki isiyo sahihi mpaka gharama irudi, au kuanza upya. Walichagua kuanza upya. G-6 mpya ilitoka mwaka 2016, namba 82111, na kutokana na kazi hiyo zikafuata F, G-2, G-4, G-14 na G-10. Naiheshimu sana hatua hii. Jina la kampuni ndogo linategemea watu wachache wanaonunua kila toleo, na hao ndio hasa wanaopima. Lakini kwa mnunuzi wa leo kuna mtego: maboksi ya 2014 bado yanazunguka kwenye soko la mitumba, yenye picha nzuri na bei ya kuvutia. Soma namba kwanza. Na ukinunua vipande vya nyongeza vya Bf 109G, hakikisha vimekusudiwa plastiki ipi, kwa sababu vya mwanzo vilipimwa kwenye modeli ile kubwa.

Fw 190 inaonyesha uamuzi wa aina nyingine. Ile ya mwaka 2006 ilikuja na injini kamili ya BMW 801 na nafasi za bunduki zilizo wazi juu ya pua. Kwenye orodha ya vipande ilikuwa nyingi kwa bei yake. Mezani ilikuwa kazi ngumu kwa yeyote aliyetaka pua iliyofungwa. Injini, fremu yake, bunduki na mabamba vinashikana kwa mfululizo, kila kiungo kinaongeza kosa lake dogo, na ukifika bamba la mwisho pengo ni kubwa kiasi cha kuingia karatasi nene. Ukiwa nayo, usigundishe injini kwa kufuata maelekezo tu. Ikae kwanza bila gundi, ufunge mabamba kwa utepe, kisha punguza nyuma ya injini kwa msasa kidogokidogo mpaka pete ya mbele ikae sawa na ukingo wa kiwiliwili. Bunduki ziingie mwisho, au zikatwe ubaki na midomo ya mitutu pekee.

Kalibu mpya za Fw 190 zilipotoka mwaka 2017, injini hiyo yote ilikuwa imeondolewa. Pua inafungwa, na ndani ya pete ya mbele unaona sehemu tu ya injini nyuma ya feni. Anayetaka kuonyesha mashine wazi ananunua injini ya rezini kando, katika safu yao ya Brassin. Wapo waliolalamika kwamba wanalipia zaidi ili wapate walichokuwa nacho zamani. Nauona uamuzi huo kuwa sahihi: wengi hufunga pua, na wao ndio waliokuwa wakiteseka. Tempest, ndege nyingine ya Waingereza, nayo ilichongwa upya mwaka 2018, na ukiijenga hutatamani kurudi kwenye ile ya zamani.

Sasa maboksi. Plastiki ileile huuzwa kwa njia kadhaa, na kutoelewa tofauti zake kunagharimu. ProfiPACK ina plastiki, vipande vya chuma chembamba, vingine vikiwa vimeshatiwa rangi, vifuniko vya njano vya karatasi ya kabuki inayonata, vya kukinga rangi kwenye vioo na magurudumu, na dekali za ndege kadhaa. Weekend ni plastiki na dekali, basi. Dashibodi ni plastiki yenye dekali yake, mikanda ya rubani utaitafuta mwenyewe, na vioo utavifunika kwa utepe na wembe. Kwa mtu anayeanza, nasema wazi: tofauti ya bei ya ProfiPACK hulipwa na vile vifuniko vya vioo peke yake. Kioo cha Bf 109 kina paneli nyingi ndogo zilizonyooka, na kuzikata kwa mkono ni jioni nzima inayoweza kuishia kwa mkwaruzo katikati ya kioo.

Dual Combo ina ndege mbili ndani ya boksi moja, mara nyingi likiwa toleo dogo lisilochapishwa tena kwa sura ileile. Familia mpya huanza hapo mara nyingi: Spitfire Mk.I ya mwaka 2020 ilitangulia kwa boksi la namna hii kabla ya ProfiPACK. Mwenye subira husubiri, kwani plastiki hiyo itarudi. Dekali za toleo dogo ndizo zinazopotea. Kisha kuna Limited, ambamo mara nyingine plastiki si ya Eduard hata kidogo. Wamewahi kuchukua ndege za Kimarekani F-14A ya kampuni ya Tamiya na F-4 Phantom ya kampuni ya Academy, wakaongeza rezini, chuma na dekali zao. Hapo ubora wa kuungana ni wa mwenye kalibu, kwa hiyo soma ubavuni mwa boksi plastiki imetoka wapi.

Ya mwisho ni Overtrees: fremu za plastiki ndani ya mfuko, bila dekali, bila chuma, bila maelekezo ya karatasi. Huuzwa na duka lao wenyewe. Huu ndio uamuzi wao ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mashine ikishawashwa na kalibu ikapata joto, fremu za ziada hugharimu kidogo, na anayetaka ndege ya tatu au ya nne ya aina moja halazimiki kulipia vitu alivyo navyo tayari.

Dekali zinahitaji maelezo marefu kidogo, maana zilibadilika na bado watu wanaziharibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Eduard walianza kuzichapisha wenyewe, na utando wa juu unaobeba wino unaweza kubanduliwa baada ya dekali kukauka. Ikifanikiwa, wino unabaki peke yake juu ya rangi, hauna ukingo unaong'aa, na unafanana na alama iliyopakwa kwa bomba la rangi. Uso uwe laini na wenye kung'aa kwanza, la sivyo hewa hubaki chini na wino hutoka pamoja na utando. Tumia maji ya uvuguvugu na kilainishi chepesi tu. Vilainishi vikali hukunja utando, na mikunjo hiyo hubaki kwenye wino. Acha ikauke siku nzima. Kisha lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti nyeupe (white spirit, kiyeyusho cha rangi za mafuta), gusa ukingo wa utando kwa sekunde kadhaa, unyanyue kona kwa kibanio, na uvute polepole ukiuelekeza nyuma sambamba na uso, usiuvute juu. Gundi inayobaki hufutwa kwa kijiti kilekile, bila kusugua. Kama rangi ya chini ni ya enameli na haijakauka kabisa, spiriti itaila, kwa hiyo weka vanishi ya akriliki katikati. Na kama hupendi hatari hiyo, acha utando mahali pake, piga vanishi juu, maisha yaendelee. Herufi ndogo za tahadhari mimi sizigusi kabisa: ni nyingi, na utando wake hauonekani ukiwa umbali wa kawaida.

Kuhusu ujenzi wenyewe, jambo moja linaharibu modeli za Eduard kuliko yote, nalo ni rangi kwenye viungo. Kalibu zao mpya zina nafasi ndogo sana kati ya kipande na kipande. Tabaka la praima na mawili ya rangi kwenye ukingo wa chumba cha rubani yanatosha kuzuia kiwiliwili kufunga, na ukikilazimisha, pengo hujitokeza mbali na hapo, kwenye shina la bawa. Kwaruza rangi kwenye kila uso wa gundi mpaka uione plastiki tupu. Kwenye Spitfire Mk.IX, hakikisha fremu ya nyuma ya kiti imeingia mpaka mwisho kabla gundi haijashika. Kifuniko cha juu cha injini kwenye modeli hiyo ni nusu mbili, wakati kwenye ndege halisi ni bamba moja. Mstari wa katikati inabidi ufutike: gundi nyingi kidogo mpaka plastiki ivuje, siku mbili za kukauka, msasa wa 600 kisha wa 1000, halafu rudisha vifungo vilivyopotea kwa sindano.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, familia yao yenye maana ya karibu ni MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, iliyoanza na MF mwaka 2011 katika 1/48 na baadaye ikazaa PF, PFM, R, SMT na bis. Uganda ilikuwa na MiG-21 Entebbe, na ndege za MiG zilizokuwa uwanjani hapo ziliharibiwa katika uvamizi wa Waisraeli usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Kwa kazi ya namna hii Overtrees ndiyo njia, maana dekali za boksini usingezitumia hata hivyo. Anza na picha, na utazame mgongo wa ndege nyuma ya kioo: PF na PFM zina mgongo mwembamba, MF ulionenepa kidogo, SMT na bis mnene zaidi. Mgongo hauwezi kuuchonga kutoka mmoja kwenda mwingine bila kupoteza michoro yote, kwa hiyo toleo liamuliwe kabla ya kulipa.

Alama utachapisha mwenyewe kwenye karatasi ya dekali. Printa ya leza ni bora, kwa kuwa wino wake hauyeyuki majini. Ya wino wa kawaida inahitaji vanishi tabaka mbili nyembamba, zikauke, ndipo uikate. Printa za nyumbani hazichapishi rangi nyeupe, na njano juu ya plastiki ya kijivu au rangi ya kijani hugeuka tope. Kwa hiyo kata duara kwenye utepe wa kufunikia, dogo kuliko alama kwa nusu milimita kila upande, pulizia nyeupe mahali hapo kwenye bawa na kiwiliwili, ing'arishe kwa vanishi, ndipo ulaze nyeusi, njano na nyekundu juu yake.